Kitalu nyumba cha pamoja: Nani atalipa nailoni ikichanika?

KITALU nyumba cha kikundi hupendeza sana siku ya uzinduzi. Utepe hukatwa, mgeni rasmi huhutubia, na miche ya nyanya iliyopangwa kwa mistari hupigwa picha. Lakini kwa mwekezaji mdogo anayefikiria kuweka akiba yake humo, siku ya kuangalia siyo hiyo. Ni siku ya mwaka wa nne, nailoni ya paa inapoanza kupasuka kwa jua, ambapo wanachama hutazamana na kuulizana fedha ya kununua nyingine itatoka mfuko gani.

Vitalu hivyo, ambavyo wengi huviita grinihausi, vimekuwa bidhaa ya kawaida katika soko la pembejeo. Nchini Kenya, vile vidogo vya mita 8 kwa 15 vilianza kuenea kwa wakulima wadogo, shule na vikundi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000. Nchini Tanzania, vijana katika halmashauri mbalimbali wamepewa mafunzo ya kilimo cha kitalu nyumba, na mlango wa mtaji kwa vikundi upo: sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024.

Kwa hiyo mtaji wa kujengea si kikwazo kikubwa kama zamani. Kilicho kigumu ni kukifanya kitalu cha watu 20 kidumu miaka 20. Wapo waliofanikiwa, na mfano mmoja mzuri uko mahali ambapo hakuna mtu angetegemea kuona nyanya.

Uwanja wa barafu wageuka bustani

Mji wa Inuvik uko kaskazini ya mbali ya Kanada, kiasi cha kilometa 200 kupita mstari wa Aktiki. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu humo watu 3,137. Majira ya baridi jua halichomozi kwa takriban mwezi mzima, na majira ya joto halitui kwa zaidi ya siku 50. Chini ya ardhi udongo umeganda mwaka mzima, kiasi kwamba nyumba hujengwa juu ya nguzo ili joto lake lisiyeyushe msingi.

Mboga za dukani hufika kwa ndege au kwa lori kupitia barabara ya Dempster, iliyofunguliwa mwaka 1979 na yenye urefu wa zaidi ya kilometa 700. Barabara hiyo inapita mito miwili isiyo na daraja. Kiangazi magari huvuka kwa kivuko, na baridi ikikaza huvuka juu ya barafu. Katikati ya misimu hiyo, barafu inapoyeyuka na tena inapoanza kuganda, malori husubiri. Mfanyabiashara yeyote anayejua bei ya nyanya inavyoruka barabara ya vijijini inapokatwa na mvua hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1998 wakazi wa mji huo waliunda chama cha bustani ya jamii na kuchukua ukumbi wa zamani wa mchezo wa magongo ya barafuni uliokuwa katika orodha ya kubomolewa. Ukumbi huo ulikuwa sehemu ya Grollier Hall, bweni lililofunguliwa mwaka 1959 kwa wanafunzi wa jamii za asili, walioletwa kutoka mbali na wazazi wao. Baadhi ya walezi wa bweni hilo walikuja kutiwa hatiani mahakamani kwa kuwadhalilisha watoto kingono. Kwa watu wa Inuvik, basi, kuligeuza jengo lile kuwa mahali pa kuotesha chakula halikuwa jambo la hesabu za fedha tu.

Hata hivyo, hesabu za fedha ndizo zilizolifanya lisimame hadi leo. Bati la paa liliondolewa na kuwekwa polikaboneti inayopitisha mwanga. Ndani, jengo liligawanywa sehemu mbili zenye kazi mbili tofauti.

Sakafu ya chini ni ya wanachama. Kuna vipande zaidi ya 70 vya bustani, kila kimoja kikiwa katika sanduku lililoinuliwa juu ya sakafu. Mwanachama hukodi kipande chake kwa msimu, hupanda anachotaka na huvuna mwenyewe. Baadhi ya vipande hudhaminiwa kwa ajili ya wazee, vikundi vya watoto, watu wenye ulemavu na ghala la chakula la wasiojiweza.

Ghorofani kuna sehemu ya biashara ya futi za mraba 4,000, yaani meta za mraba 370 hivi. Hiyo ni karibu sawa na vitalu vitatu vya mita 8 kwa 15. Humo huoteshwa miche ya maua na mboga kwa ajili ya kuuza, pamoja na mboga zinazolimwa kwenye maji bila udongo. Mapato yake ndiyo yaliyopangwa kugharimia uendeshaji na usimamizi wa jengo zima. Kwa lugha ya dukani, ghorofa ya juu inailipia ya chini.

Kwa nini miche na si nyanya?

Mgawanyo huo unastahili kutazamwa kwa jicho la biashara, maana una akili kuliko unavyoonekana.

Kwanza, miche huuzwa mwanzoni mwa msimu. Kitalu cha Inuvik hufunguliwa katikati ya Mei na kufungwa mwishoni mwa Septemba. Anayetegemea nyanya hupokea fedha yake baada ya miezi kadhaa, ambapo bili za maji, umeme na mshahara wa msimamizi zimekwishafika. Anayeuza miche huipata fedha wiki za mwanzo.

Pili, muuza miche hashindani na wanachama wake. Mji mdogo ambao kila familia ina saladi yake katika sanduku hauwezi kununua saladi mwezi wa Agosti. Lakini familia hizo hizo zinahitaji miche mwezi wa Mei. Chama kimemgeuza mwanachama kuwa mteja.

Jambo la tatu ndilo linalovishinda vikundi vingi vya huku kwetu. Inuvik hakuna zao moja la watu wote linalogawanywa sawa kwa sawa. Anayepalilia hula jasho lake, na anayelala sanduku lake huota magugu mbele ya macho ya jirani. Kazi za jengo lenyewe, kama kufagia na kutengeneza mboji, hufanywa na wanachama kwa saa za kujitolea ambazo ni sehemu ya masharti ya uanachama.

Linganisha na kikundi cha kawaida cha watu 20 wenye kitalu kimoja cha nyanya. Faida hugawanywa kwa mafungu 20 yanayolingana, aliyekuja kila alfajiri na aliyekuja siku ya mgawo wakipata sawa. Msimu wa kwanza watu huvumiliana. Msimu wa pili wanaofika shambani ni 8. Msimu wa tatu anabaki katibu na mke wake, na kitalu ambacho kwenye makaratasi ni cha jamii kimekuwa cha mtu mmoja anayelalamika.

Njia nyingine: Manispaa kulipa

Si kila kitalu cha pamoja kinaweza kuuza miche. Mji wa Cheyenne, jimbo la Wyoming nchini Marekani, ulipita njia nyingine. Mwaka 1977, baada ya bei ya mafuta kupanda, ulijengwa huko kitalu cha jamii cha futi za mraba 5,000 kilichopata joto lake kutokana na jua peke yake. Wazee, vijana waliokuwa na kesi ndogo ndogo na watu wenye ulemavu walifanya kazi humo wakijitolea.

Ubunifu wake ulikuwa rahisi. Upande unaotazama jua hupitisha mwanga, upande wa kivuli ni ukuta uliozibwa joto lisitoke, na ndani yamepangwa mapipa ya maji. Mchana maji hunyonya joto, usiku huliachia. Pipa moja la lita 200 likipoa kutoka nyuzi 25 hadi 10 hutoa joto linalokaribia uniti 3.5 za umeme, bila bili. Wakulima wa Njombe na Limuru wanaopata shida ya baridi ya Julai wanaweza kupiga hesabu wenyewe. Cheyenne yenyewe iko kwenye mwinuko wa zaidi ya meta 1,800, karibu sawa na Nairobi.

Fedha ya kuanzia ilitoka serikali kuu, kupitia wakala wa kupambana na umaskini uliofutwa mwaka 1981. Hapo miradi mingi ya aina hiyo ingekufa. Cheyenne ilinusurika kwa sababu ilikuwa na watu wengi wanaoingia na kutoka, na mji uliona ni mali yake. Mwaka 1986 kilijengwa kitalu kipya katika bustani ya manispaa, na mwaka 2017 likafunguliwa jengo kubwa zaidi lililogharimiwa na kodi maalumu ya mauzo ambayo wakazi waliipigia kura.

Kwa hiyo wenye Inuvik wanauza, wenye Cheyenne wanatoza kodi. Kikundi ambacho hakina cha kuuza wala manispaa ya kukibeba kinaishi kwa wafadhili, na mfadhili huwa na tarehe ya mwisho.

Joto ni adui, si rafiki

Ukileta mawazo hayo katika nchi za joto, ramani ya jengo lazima igeuzwe. Huko kaskazini kitalu hutega joto. Huku kazi yake ni kuzuia mvua, wadudu na magonjwa, na joto ni gharama. Kitalu kilichofungwa adhuhuri kinaweza kupita nyuzi 40, wakati chavua ya nyanya huanza kuharibika joto likizidi nyuzi 32 hadi 35. Maua hudondoka, na mkulima hulaumu mbegu.

Mafundi wanaojua kazi huweka matundu ya hewa ya pembeni na ya juu ya paa yenye jumla ya eneo lisilopungua moja ya tano ya sakafu, na kuinua kuta hadi meta 3 au zaidi. Wavu wa kuzuia inzi weupe na kantangaze hupunguza upepo unaoingia, hivyo eneo la wavu linapaswa kuongezwa. Fundi anayeuza kitalu kifupi kisicho na tundu la juu kwa bei ya kutupa, kwa ajili ya ukanda wa pwani, anauza tanuri.

Hapo ndipo wazo la "mahali pa jamii" linapohitaji marekebisho. Ndani ya kitalu cha Inuvik watu hukaa na kuzungumza, kwa kuwa nje ni baridi. Morogoro au Voi hakuna atakayekaa ndani saa sita mchana. Sehemu ya watu inapaswa kuwa ubavuni: kibanda cha wavu wa kivuli chenye benchi, mzani, meza ya kupangia mazao na ubao wa bei. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kitalu chenyewe, na humo ndimo daftari linamokaa wazi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuna sababu nyingine ya kuwatoa watu ndani. Dawa iliyopuliziwa ndani ya nailoni hukawia kutoka, na lebo ya kila dawa ina muda wa kusubiri kabla ya mtu kuingia. Mahali ambapo kina mama huja na watoto mgongoni, upuliziaji na mkutano haviwezi kuwa chini ya paa moja.

Ugonjwa unaotembea kwa miguu

Hasara kubwa kuliko zote, hata hivyo, iko ardhini. Mnyauko bakteria umeua mitaji mingi ya nyanya za vitalu. Mche unasimama mzima asubuhi, jioni umelala, na siku chache baadaye mstari wote umekwisha. Vimelea vyake hukaa kwenye udongo kwa miaka, na hakuna dawa ya dukani inayouponya mmea ulioambukizwa. Husafiri kwa maji, kwa jembe na kwa tope la viatu.

Kitalu cha pamoja kina viatu vingi. Mkulima mmoja huleta tope la shamba moja, wanachama 20 huleta la mashamba 20. Sifa ya mradi, yaani kufunguliwa kwa watu wote, ndiyo mlango wa ugonjwa. Ni jambo ambalo halionekani katika maandiko mengi ya miradi, ambapo kiti cha mgeni rasmi hupewa bajeti na beseni la dawa ya kukanyagia mlangoni halipewi.

Masanduku ya Inuvik yanafaa sana hapa, ingawa huko yalikuwa na sababu zake. Sanduku au mfuko wenye udongo wake, usiogusana na wa jirani, ukiugua hutolewa nje peke yake. Udongo wa ardhini ukiugua, kitalu chote kimeugua. Gharama ya masanduku, viatu vya mpira vinavyobaki mlangoni na majembe yasiyotoka nje ni bima tu. Aidha, ipo njia ya kubebesha nyanya juu ya shina la biringanya lenye kustahimili mnyauko. Teknolojia hiyo imeendelezwa na kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, ambacho kina ofisi ya kanda Arusha tangu miaka ya 1990. Miche ya namna hiyo ni ghali zaidi, na kwa sababu hiyo ni bidhaa nzuri kwa kikundi kinachotafuta cha kuuza.

Maji ni hesabu inayosahaulika. Milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 15 ni meta za mraba 120, kwa hiyo mahali penye mvua ya milimita 800 kwa mwaka linapokea lita 96,000. Nyanya zikihitaji lita 4 kwa siku kwa kila meta ya mraba, msimu wa siku 120 unakula lita 57,600. Mvua inatosha na kuzidi, lakini hainyeshi kila siku, na tangi la lita 10,000 huisha katika wiki 3. Mwekezaji anayeonyeshwa kitalu kisicho na mifereji ya paa ajue anaonyeshwa nusu ya mradi.

Sokoni hali ikoje

Nyanya ina mawimbi yanayojulikana. Mvua za masika zikikolea, baka jani hushambulia nyanya za wazi, malori yanapungua na tenga hupanda bei. Mvua zikikatika, nyanya za umwagiliaji kutoka Ilula mkoani Iringa, milima ya Mgeta na mabonde ya Kilimanjaro huingia kwa pamoja, na dalali anayekupokea Aprili kwa soda hakuoni tena Agosti. Kitalu hakina haja ya kushindana Agosti. Nyanya yake ina gharama kubwa kuliko ya wazi, na mnunuzi wa sokoni hamlipi mtu kwa sababu ana paa.

Ndiyo maana kikundi kinachotaka kudumu kingefaa kutenga sehemu ya kitalu kwa ajili ya miche. Trei ya kawaida ya vishimo 200 ina takriban sentimeta 66 kwa 34. Meza zenye eneo la meta za mraba 30, robo tu ya kitalu cha mita 8 kwa 15, zinabeba zaidi ya trei 130, yaani miche 26,000 kwa mkupuo mmoja wa wiki 4 hadi 5. Wanunuzi ni wale wakulima wa wazi ambao kikundi kingeshindana nao sokoni. Wao wanabeba hatari ya mvua na bei, kikundi kimekwishapokea chake.

Sehemu inayobaki igawanywe kwa wanachama kwa masanduku, kila mmoja kwa kodi yake ndogo. Wapo watakaosema huo si ushirika. Wanaosema hivyo waulizwe ni misimu mingapi wamekaa katika kikundi cha mafungu sawa.

Nailoni nzuri iliyowekewa kinga ya jua hudumu miaka 3 hadi 5. Akiba ya kuibadilisha inapaswa kutolewa kwenye mauzo ya miche ya kila msimu na kuwekwa akaunti ya peke yake yenye watia saini watatu, kabla ya posho na kabla ya mgawo. Anayetaka kuuza nyanya Aprili ajue hupandikizwa mwanzoni mwa Januari, na mbegu yake husiwa mwanzoni mwa Desemba. Mafundi wengi husafiri kwa ajili ya sikukuu wiki za mwisho za mwezi huo, hivyo paa lenye tundu lizibwe Novemba.